Mwanamke Aliyekataa Kufagia Shamba

Kama kuna mtu aliyewahi kufukarishwa na usafi, basi ni Immaculate Nalianya wa Kitengela. Si usafi wa nyumba, maana huo haujamuua mtu. Ni usafi wa shamba. Alizaliwa upande wa Webuye, kwa mama aliyeamini kwamba shamba ni uso wa mwenye nyumba, na kwamba mwanamke anayeacha mabua yamelala ovyo baada ya mavuno hana tofauti na anayekwenda kanisani bila kunawa. Mahindi yakishavunwa, mabinti wa mama huyo waling'oa mabua, wakakusanya majani, wakafagia hadi katikati ya mistari, kisha wakawasha moto. Moshi ulipopaa, majirani walijua kwamba pale pana wanawake wa kazi.

Immaculate aliyabeba malezi hayo mazima mazima hadi Kajiado. Mwaka wa 1993 yeye na mumewe Wakhungu, karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, walinunua ekari mbili na nusu nje kidogo ya Kitengela, mahali ambapo siku zile fisi walikuwa wengi kuliko majirani. Udongo wa huko ni mweusi, ule ambao wenyeji huuita bleki koton. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mvua ikinyesha unageuka ugali na kukuvua viatu. Wengi waliouona walitikisa kichwa. Immaculate alifunga leso kiunoni akaanza kulima.

Msimu wa kwanza mahindi yalikuja kwa fujo. Wakhungu akawaandikia ndugu zake kwamba watu wanaosema Umaasaini hakulimiki ni wavivu tu. Kila msimu trekta ya kukodi ilipindua ardhi, mbolea ya dukani ikatiwa, na baada ya mavuno Immaculate akafagia na kuchoma kama alivyofunzwa. Msimu wa tatu mahindi yakapungua. Wa tano yakapungua zaidi. Mwaka wa 1997 mvua ya El Niño ilipokuja, maji yaliteremka juu ya shamba lile tupu yakauchukua udongo wa juu kama mtu anayevuta shuka kitandani, yakaupeleka mtoni. Mvua ilipokatika Immaculate alitoka na ufagio akasafisha kilichobaki. Ndiyo, alifagia! Wakhungu aliilaumu mvua, Immaculate akailaumu mbegu, na watu wa maombi wakadokeza kwamba pengine kuna dhambi nyumbani ambayo haijatubiwa. Hakuna aliyeulaumu ufagio.

Ilikuwa Agosti ya 1999, kiangazi cha kukausha mate, alipokuwa akitafuta kuni upande wa chini, karibu na kwa Kasaine. Kasaine alikuwa mfugaji wa makamo, mwenye ng'ombe wa kutosha na mdomo mkali, na aliamini kwamba Mungu angetaka ardhi ichimbwe angemuumba mtu na jembe mkononi. Katikati ya nyika iliyokauka Immaculate aliona duara la majani mabichi, limekaa peke yake, kijani kabisa. Alisimama akalitazama. Kasaine, aliyekuwa akipita na mbuzi wake, akamkuta hapo akamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Mama Sheryl."

"Ipa, mzee Kasaine. Hapa ulimwaga nini?"

"Mimi nimwage? Hapa ilikuwa boma ya baba yangu. Ng'ombe walilala hapa mpaka tukahama. Sasa ni kama miaka ishirini."

"Miaka ishirini na bado iko kijani?"

"Wewe unalisha shamba yako na kiberiti," Kasaine alisema, "alafu unakuja kushangaa yangu."

Maneno hayo yalimchoma. Mbuzi walipoondoka, alichutama akachimba kwa panga. Panga lilizama kama kwenye mkate. Udongo uliotoka ulikuwa laini, wenye vitundu, umeshikana vidonge vidonge, na ndani yake zilipita nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Nyungunyungu wawili walijikunja kwa kero ya kuamshwa. Alipouleta puani ulinuka mvua, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Alizisahau kuni, akaenda moja kwa moja shambani kwake akapiga panga chini. Panga lilidunda. Alijaribu mahali pa pili, pa tatu, hadi pa tano, akapindua mabonge magumu kama matofali. Hapakuwa na nyungunyungu wala mchwa, wala mdudu wa kusingiziwa.

Alikaa chini pale pale akalia, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira. Miaka sita alikuwa amejiona mwanamke wa kazi, kumbe alikuwa akikiteketeza chakula cha udongo na kukipungia mkono kikipaa angani.

Mwezi uliofuata kanisa lilitangaza mafunzo ya siku tatu kule Ngong kwa akina mama wakulima, naye akaenda. Mwalimu wao aliwaambia kwamba kijiko kimoja cha udongo ulio hai kina viumbe wengi kuliko watu wa dunia nzima, wadogo wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaoupikia mmea chakula. Akina mama wengine walicheka. Immaculate alinyoosha mkono.

"Na hao wanakula nini, mwalimu?"

"Wanakula mabua, majani, samadi. Vile vitu vyote mnachoma."

Aliporudi Kitengela alitangaza mbele ya mumewe na watoto watatu kwamba katika boma hilo hapatachomwa tena hata jani moja, na shamba halitafagiwa. Sheryl, kifungua mimba, alidhani mama yake anatania. Baada ya mavuno haba ya msimu ule mabua yaliachwa yamelala, na watu wa barabarani wakaanza kupunguza mwendo ili waone vizuri. Ukipita kanisani ulikuta mada ni hiyo. Mwacha mila ni mtumwa, walisema waliokuwa wameacha mila zao zote kwa gari la moshi lililowaleta. Wakhungu alivumilia wiki mbili.

"Mama Sheryl, watu wananiuliza kama uko mgonjwa."

"Waambie niko na afya. Shamba ndiyo iko mgonjwa."

Basi kama hadithi ingekuwa ya kubembelezana, mahindi yangestawi msimu huo huo na wanafiki wangeaibika. Hayakustawi. Immaculate, kwa haraka yake ya kulipa deni la moto, aliyafukia mabua makavu yote ardhini, tani nzima, akapanda juu yake siku iyo hiyo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wale viumbe wadogo wakipewa karamu ya mabua makavu matupu hunyonya rutuba yote iliyopo ili waweze kuyala, na mmea hubaki unakodoa macho. Mahindi yakaota, yakafika magotini, yakageuka manjano yote kwa pamoja. Kitengela ikafurahi sana. Wenye huruma walimwambia pole huku wakijikaza wasicheke.

Afisa wa kilimo, Ndambuki, alikuja kwa pikipiki yake. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na alisema alichofundishwa.

"Mama, mabua hayo ndiyo nyumba ya viwavi wanaotoboa mahindi. Ukiyaacha, unawafugia majirani wadudu. Choma."

"Nikichoma, hawa wa chini watakula nini?"

"Wa chini gani?"

"Hao huwaoni. Hata mimi siwaoni. Lakini nimeona mahali wako na mahali hawako, Bwana Ndambuki, na tofauti naijua."

Ndambuki aliandika kitu kwenye daftari lake akaondoka. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, walisema majirani, na kwa kweli mwaka uliofuata ulielekea kuwapa haki. Mwaka 2000 mvua ya Machi haikuja kabisa. Nyika ya Kajiado ikabaki vumbi, ng'ombe wakaanza kuanguka, na wafugaji wakazungumza juu ya kuswaga mifugo hadi vichochoro vya Nairobi kutafuta majani ya bustani za watu. Kisha, katikati ya mwaka, serikali ikapunguza wafanyakazi, na jina la Wakhungu likawa kwenye orodha. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi akiwa na bahasha na kikombe chake cha chai cha ofisini, akaketi sebuleni bila kuvua koti.

Hapo ndipo Njuguna alipoingia. Njuguna alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kitengela mjini, na kwa miaka miwili alikuwa akinunua mashamba ya upande ule na kuyakata ploti. La Immaculate lilikuwa katikati ya vipande vyake viwili, kama jino lililobaki. Alikuja na salamu nyingi, akampa Wakhungu pole ya kazi, wakanywa soda, na kabla soda hazijaisha walikuwa wamepeana mikono. Ekari zote mbili na nusu zingeuzwa na familia ingerudi Webuye.

"Webuye wapi?" Immaculate aliuliza mgeni alipotoka. "Shamba la baba yako mligawana ndugu watano. Sehemu yako inatosha jikoni na kamba ya ng'ombe mmoja. Pesa za Njuguna zitaliwa, hawa watoto wasimame wapi?"

"Na hapa wanasimama wapi? Juu ya takataka? Miaka saba, mama! Hii ardhi imekufa."

"Haikufa. Tuliiua. Na mimi sitoroki maiti niliyoiua na mikono yangu kabla sijajaribu kuifufua."

Wakhungu alisema bodi ya ardhi, inayoidhinisha mauzo ya mashamba, ingekaa Januari, na hapo mambo yangekwisha. Immaculate akapiga moyo konde. Alikuwa na miezi michache, shamba gumu, na rundo la mabua ya yale mahindi ya manjano, ambayo katika ukame ule yalikataa kuoza. Kiangazi hakiozeshi kitu. Aliwaza juu ya lile duara la kijani la kwa Kasaine hata akilini mwake pakachimbika njia.

Jibu lilikuja lenyewe hadi kwenye fensi. Alfajiri moja ya Agosti alikuta ng'ombe wa Kasaine wamejipanga nje ya seng'enge, mbavu zikihesabika, wamepenyeza ndimi wakivuta mabua. Sasa, mkulima wa Kitengela akiona ng'ombe kwenye fensi huwa na njia mbili: jiwe au polisi. Watu walikuwa wamekatana mapanga kwa ajili ya ng'ombe kuingia shambani. Kasaine alikuja mbio akiwa tayari kugombana.

"Mzee Kasaine," Immaculate alimwambia, "waingize."

Kasaine alitazama nyuma yake, kuona kama anaambiwa mtu mwingine. "Nikiingiza, unaita chifu."

"Siiti mtu. Wakule mabua yote. Lakini niko na masharti. Usiku hawarudi kwako. Wanalala hapa ndani, kwa boma ya miiba. Kila baada ya siku tano tunahamisha hiyo boma kidogo, mpaka tumalize shamba yote."

"Yaani unataka mavi."

"Na mkojo. Na kwato zao zikanyage."

Kasaine alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. "Watu wa Kiambu wanakuja na lori kununua mavi kwangu, wanabeba, wanatoroka nayo. Wewe unataka ng'ombe aje amwage mwenyewe! Mama Sheryl, wewe ni Mmaasai umepotea." Kisha akaacha kucheka, maana ng'ombe wake mmoja alikuwa ameanza kupiga magoti. Immaculate alichukua koleo akaikata seng'enge yeye mwenyewe, nyaya tano, moja baada ya nyingine, mchana kweupe, na kila aliyekuwa barabarani aliona.

Wakhungu aliporudi jioni alikuta ng'ombe ishirini na sita wamelala katika shamba ambalo mbele ya Njuguna alikuwa amelisifia fensi yake. Alichomoa fito kwenye ua akaanza kuwapiga. Yeye, karani wa juzi juzi, tai bado shingoni, akapiga kelele kwamba nyumba yake imegeuzwa zizi na kwamba yeye na Mmaasai huyo wataonana kortini. Ng'ombe wawili waliinuka. Immaculate alikwenda akasimama kwenye lile pengo la seng'enge, mikono kiunoni.

"Baba Sheryl, ukiwatoa hao, nitoe na mimi. Pitisha sisi sote hapa."

Wakhungu akatupa fito akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakulikanyaga shamba. Akitoka alizunguka upande wa nyuma ili asilione.

Kwa wiki saba boma la miiba lilitembea shambani. Harufu ilifika hadi barabarani, na nzi nao hawakukosa. Ng'ombe walikula mabua pamoja na viwavi waliojificha ndani yake, jambo ambalo Immaculate aliliona na kulicheka peke yake akimkumbuka Ndambuki. Walichobakisha walikikanyaga kikachanganyika na samadi na mkojo, kikawa tandiko zito juu ya udongo. Mabua yalipokwisha, Kasaine aliswaga mifugo yake kuelekea Nairobi kama wenzake. Aliondoka na ng'ombe ishirini na watano, mmoja tu akiwa amemfia.

Immaculate hakuita trekta. Mvua ya kwanza ya Novemba ilipokaribia, alitoboa mashimo kwa mti wenye ncha katikati ya lile tandiko, akatia mbegu ya muda mfupi, akapanda kunde katikati ya mistari ili ardhi isikae uchi hata siku moja. Njuguna, aliyekuwa amelimisha vipande vyake viwili ili vionekane vizuri kwa wateja, alisimama barabarani akamwuliza kama amekosa pesa ya jembe.

Mvua iliponyesha kweli, ilinyesha kwa kisirani. Immaculate alitoka nje akiwa na gunia kichwani. Kulia na kushoto, kwa Njuguna, maji yalikuwa yakikimbia juu ya ardhi iliyolimwa, meusi, yakienda na udongo. Kwake maji yalishuka, yakasita kwenye majani, yakazama. Alingoja yakimbie. Hayakukimbia. Alicheka kwa sauti pale mvuani, mtu mzima wa watoto watatu, na kama kuna jirani aliyemwona basi alipata la kusimulia.

Katikati ya Desemba alifunua tandiko akamkuta nyungunyungu. Mmoja tu, mwembamba, mwekundu. Alimwita Sheryl aje amwone, akamwonyesha kwa heshima kama anayemtambulisha mgeni. Wiki iliyofuata walikuwa wanne katika jembe moja la udongo, na pembezoni mwa mizizi ya kunde zilionekana zile nyuzi nyeupe. Aliketi karibu nazo akazungumza nazo kwa Kibukusu cha kwao. Aliyoyasema ni yao.

Lakini Januari ilifika, na barua ya bodi ikaja. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wakhungu alizungumza naye kwa upole, kwa mara ya kwanza tangu habari ya ng'ombe.

"Watakuuliza swali moja tu. Sema ndiyo, tupumzike. Mimi nimechoka, Mama Sheryl."

Alimwonea huruma, na ile huruma ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko hasira zake zote.

Bodi ilikaa Kajiado, katika chumba chenye meza ndefu. Bwana DO, afisa wa tarafa, alikuwa mwenyekiti, wazee wanne wamekaa upande huu na upande huu, na mwishoni, kwa kuwa kilimo nacho kina kiti chake pale, alikuwa Ndambuki na daftari lake. Njuguna alivaa suti. Immaculate alivaa gauni la Pasaka. Faili lilifunguliwa, namba ya shamba ikasomwa, Wakhungu akaulizwa kama anauza kwa hiari yake, akasema ndiyo. Kisha Bwana DO akamgeukia mke, kama ilivyo desturi.

"Mama, umesikia mzee wako. Unakubali?"

"Sikubali."

Kalamu zikasimama. Mzee mmoja alikohoa. "Mama, labda hukuelewa swali."

"Nimeelewa, mzee wangu. Sikubali."

"Mheshimiwa," Njuguna alisema akiinuka nusu, "huyu mama shamba imemshinda. Anatupa takataka ndani, analaza ng'ombe wa watu, hata kulima halimi. Mzee wake anateseka. Tumsaidie tu."

Bwana DO alimtazama Immaculate juu ya miwani. "Hapo kwa shamba, nani anaishi?"

"Ni mimi, na mzee, na watoto watatu. Na wengine siwezi kuwahesabu."

Chumba kikacheka. "Wapangaji?"

"Wanakaa chini, mheshimiwa. Kwa udongo. Mimi niliwaua miaka sita, na kiberiti, kwa vile nilifundishwa shamba safi ndiyo shamba. Nikawaita na mabua, nikakosea. Nikawaita na ng'ombe, wameanza kurudi mwezi uliopita. Huyu Njuguna akimwaga simiti juu yao hawatarudi tena, si kwangu, si kwa mtoto wangu. Mniulize mara kumi. Sikubali."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana DO, ambaye pengine alitafuta tu mahali pa kutokea, akamwuliza afisa wa kilimo kama ana la kusema. Ndambuki alifungua daftari, akalifunga.

"Mimi ndiye nilimwambia huyu mama achome," alisema. "Wiki jana nilipita kwake nikitafuta viwavi, nimwonye kwa barua. Nimepasua mabua kumi. Nimepata kiwavi mmoja. Nikapasua kumi kwa jirani yake mwenye amechoma, nikapata saba." Akalisukuma daftari kando. "Sijui nisemeje, mheshimiwa. Hatukufundishwa hiyo."

"Mke amekataa," Bwana DO alisema akifunga faili. "Mimi siweki sahihi. Anayefuata."

Nje, karibu na kituo cha magari ya barabara ya Namanga, Wakhungu alisema maneno matatu tu. "Umeniaibisha mbele yao." Immaculate akamwambia kwamba ni kweli, amemwaibisha, na angemwaibisha tena kesho kama bodi ingekaa kesho. Walirudi nyumbani, na kwa wiki tatu nyumba ile ilizungumza kupitia watoto.

Mavuno ya Februari hayakuwa muujiza. Sehemu ya juu, ambako El Niño iliparua vibaya, mahindi yalikuwa bado mafupi. Lakini kwingine yalibeba magunzi mawili mawili, na ghala ambalo kwa miaka minne panya walilidharau lilijaa hadi mlangoni. Wakhungu hakusifu. Ila jioni moja Immaculate alimkuta ameketi ghalani akimenya mahindi, na karibu naye gunia zima lililokwisha kumenywa. Alichukua kibao akaketi kando yake akamenya naye.

Siku iliyofuata majirani walianza kuchoma mabua yao. Moshi ulisimama pande zote za Kitengela. Immaculate alikuwa akitoa chai jikoni alipomwona Wakhungu anatoka nje amevaa gambuti za El Niño, jembe begani, akielekea shambani ambako hakuwa amekanyaga tangu Agosti. Alifika ukingoni akasimama.

"Niambie nianzie wapi," alisema bila kugeuka.

"Weka hiyo jembe chini. Hapo hakulimwi."

"Sasa nifanye nini?"

"Kasaine amerudi. Enda umwambie mabua yako tayari."

Wakhungu aligeuka akamtazama. Ni yeye aliyewapiga ng'ombe hao kwa fito. Na njia ya kwenda kwa Kasaine ilipita mbele ya vipande vya Njuguna, ambako asubuhi hiyo Njuguna mwenyewe alikuwa na wateja akiwapimia ploti. Immaculate alirudi jikoni akamimina chai katika vikombe vitano, akijitia hamnazo.

Saa tano kasoro alisikia kengele. Kasaine alikuwa nyuma na ng'ombe kumi na saba, ndio waliorudi hai kutoka Nairobi, na mbele yao, katikati ya barabara, alitembea Wakhungu na gambuti zake, fimbo ya kuazimwa mkononi. Njuguna alipaza sauti kumwuliza kama karani ameajiriwa uchungaji. Wateja wakacheka. Wakhungu hakupunguza mwendo. Alifika kwenye fensi, akaivuta seng'enge kando kwa mikono yake miwili, mwiba ukamchana kiganja, akasimama kando ya pengo kama bawabu wa harusi.

"Ingieni," aliwaambia ng'ombe, kwa sauti iliyofika hadi kwa Njuguna. "Ingieni mlale."